Hedseti ya dada anayechapa mahojiano mchana na kucheza PUBG usiku: uchambuzi wa kisa

Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya wanaoanza ufundi na wanaotaka kununua hedfoni bila kurudi dukani kila baada ya miezi michache. Jina la mteja, chuo na mtaa nimevitoa. Kampuni za vitu vilivyomharibikia sizitaji, sio kwa woga, ni kwamba shida ilikuwa ya aina ya kitu chenyewe na ungeikuta kwenye majina mengine kumi pale pale Kariakoo.

Mteja na mazingira yake

Ni dada mwanafunzi, yupo Dar, anaishi hosteli chumba kimoja na mwenzake. Anajisaidia ada kwa kazi ya kuchapa mahojiano, yani watafiti wanamtumia rekodi za sauti, huyu anaongea akiwa sokoni, huyu jogoo anawika nyuma yake, yeye anasikiliza na kuandika neno kwa neno. Hiyo kazi inamchukua kama masaa 5 kwa siku, siku sita kwa wiki, na anaifanyia maktaba au sehemu yoyote yenye intaneti nzuri. Usiku bando la usiku likianza anaingia PUBG Mobile na skwodi yake, masaa mawili hivi, wanaongea humo humo ndani ya gemu. Bado hapo hatujahesabu muziki wa kwenye daladala.

Ana miwani. Nje anavaa hijabu, chumbani anavua na mara nyingi kichwani kuna misuko ya twende kilioni na mafuta ya nazi. Mtu anaweza kuona haya ni mambo ya urembo hayaihusu hedfoni, ila nikwambie ukweli, haya ndo yaliyoamua karibu kila kitu hapo mbele kuliko hata maswali ya besi.

Simu yake bado ina tundu la milimita 3.5, laptop nayo ina tundu moja tu linalobeba sauti na maiki kwa pamoja. Bajeti aliyokuja nayo shilingi 180,000, na alishaweka wazi kwamba haiongezeki.

Alichokuwa amenunua kabla

Ya kwanza ilikuwa hedseti ya gemu yenye mataa ya rangi, shilingi 35,000, kwenye boksi imeandikwa 7.1, yani sauti ya kuzunguka, kwa herufi kubwa. Alipofika chumbani akakuta waya unaishia kwenye vichwa vitatu: pini ya sauti, pini ya maiki na USB, na hiyo USB kazi yake ilikuwa kuwasha mataa basi. Laptop ina tundu moja, simu tundu moja, kwa hiyo maiki haikupata pa kuingia. Akaenda kununua kigawanyishi, akapewa kile cha watu wawili kusikiliza muziki pamoja, ambacho hakitenganishi maiki na sauti hata kidogo, kinagawa sauti tu. Hiyo 7.1 yenyewe ni stika. Ndani kuna spika moja kila upande, na sauti ya kuzunguka kwenye hedseti za namna hii inatengenezwa na programu, ukiwa huna programu unabaki na stereo ya kawaida, ambayo kusema kweli inatosha kabisa kusikia hatua za adui zinatokea kushoto au kulia.

Kilichomuudhi zaidi ni spongi. Haikufika miezi sita ngozi ya juu ikaanza kubanduka vipande vidogo vyeusi, na siku hiyo amevaa hijabu nyeupe, alifika darasani mashavuni kote magamba.

Ya pili akaruka upande mwingine kabisa, akachukua ya Bluetooth ya kukunja, ina jina la kampuni kubwa ambalo nina uhakika kampuni yenyewe haikuhusika. Kwa muziki ilimpendeza. Kwenye gemu akawa anaona mtu anafyatua, mlio unakuja baadaye, na kila akiwasha maiki sauti yote inaporomoka inakuwa ya simu ya mezani. Ikaja kukatika kwenye bawaba ya plastiki, ile sehemu inayokunjwa. Akaifunga na selotepu akaendelea nayo wiki kadhaa mpaka upande mmoja ukanyamaza, ndo akaja kwangu.

"Shikamoo fundi, naomba unitengenezee hii, au kama haifai uniambie ninunue ipi ambayo haitanisumbua tena."

Tulivyoanza

Sikuanza na majina ya kampuni. Nilimwambia, dada vaa ile ya mataa, kaa hapo kwenye benchi tuongee mambo mengine. Baada ya robo saa nikamuuliza panauma wapi, akaonyesha sehemu mbili, juu ya sikio pale mkono wa miwani unapopita na utosini katikati. Nikaiweka kwenye mzani, gramu 400 na ushee. Hedfoni nyingi za kukaa nazo muda mrefu zinacheza kati ya gramu 200 na 320, kwa hiyo hapo tayari kuna mzigo wa bure, mwingi ukiwa plastiki nene ya kushikilia mataa.

Afu nikaangalia tundu la spongi. Sikio lake lilikuwa linakanyagwa na ukingo, halikai ndani. Ikishakuwa hivyo hata uwe na spongi laini namna gani, baada ya saa moja ukingo wa sikio unawaka moto. Kina nacho ni hivyo hivyo, kikiwa kifupi ncha ya sikio inagusa kava ya spika na hapo hapo panauma, watu wanadhani hedseti inabana kumbe sikio halina nafasi.

Nikamwomba avae hijabu yake ya kawaida, ile ya kitambaa kinachovutika, kisha aweke hedfoni juu yake. Mlio mwembamba haukupotea sana, ila besi ikakimbia, kwa sababu hedfoni za kufunika zinategemea spongi izibe pande zote za sikio na mkunjo wa kitambaa unaacha upenyo. Mkono wa miwani unafanya upenyo kama huo huo. Yeye sasa akili yake ikimwambia sauti imepungua anaongeza volyumu, na hapo ndo nilianza kuwa na wasiwasi na masikio yake kuliko na vifaa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaweka kikomo cha desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu: 83 ni masaa 20, na ukifika 90 unabaki na masaa kama 4 kwa wiki nzima. Huyu dada kazi peke yake ni masaa 30, gemu linaongeza kama 12, ameshapita 40 kabla hajapanda daladala.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa waya. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kubeba sauti, moja ni nzuri ya stereo lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kuja kwako, na nyingine ni ya maongezi, inabeba maiki na sauti pamoja lakini kwa ubora mdogo. Ukifungua maiki kifaa kinahamia hiyo ya pili, ndo maana sauti ya gemu inaanguka. Na kwenye ile njia nzuri kuna kuchelewa, mara nyingi kati ya milisekunde 150 na 250, kwa muziki hutambui, kwa PUBG unakufa. Zipo zisizo na waya zenye kidubwasha chake cha USB zinazotumia masafa ya gigahezi 2.4, hizo hazicheleweshi kiasi cha kuhisi, lakini zenye spongi nzuri zilikuwa nje ya bajeti na kwenye simu yake kidubwasha kingemlazimu kubeba adapta. Pini moja ya milimita 3.5 yenye mistari mitatu inaingia simu na laptop bila adapta, bila chaji.

Pili, tukaacha wazo la kifaa kimoja cha kazi zote. Hapa tulibishana kidogo. Yeye alitaka moja, mimi nikamwonyesha kwamba chumbani bila hijabu na maktaba akiwa na hijabu ni vichwa viwili tofauti. Tukakubaliana hedseti ya kufunika kwa ajili ya chumbani, na iafoni za waya za kuvaa chini ya hijabu kwa nje. Iafoni yenye mpira wa saizi sahihi inaziba tundu la sikio yenyewe, kitambaa kikae juu, miwani ikae inapotaka, haiathiriki, na kwa kuwa inazuia kelele za nje anasikia rekodi kwa volyumu ya chini.

Tatu, iliyofungwa nyuma au iliyo wazi? Mi binafsi napenda za wazi kama Philips SHP9500, hewa inapita, masikio hayaloi jasho, na hazitegemei sana spongi izibe vizuri. Kwa joto la Dar ni raha. Ila za wazi zinavujisha sauti nje na kuingiza kelele ndani, na huyu ana mwenzake amelala mita mbili kutoka hapo, na baadhi ya mahojiano ni maneno ya watu ya siri anayamalizia chumbani. Ikawa iliyofungwa.

Nne, na hapa ndo sehemu ninayotaka wanaoanza waisome taratibu. Hedfoni inakufa kwa mpangilio unaojulikana: spongi, waya karibu na pini, bawaba, spika mwisho kabisa na mara nyingi spika haifi hata. Ile ngozi ya bandia ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, na aina inayotumika sana inavunjwa na unyevu na joto polepole hata ikiwa kwenye boksi haijavaliwa, jasho na mafuta ya nywele yanaharakisha tu. Kwa hiyo kuuliza "ipi haitaharibika" ni kupoteza muda hapa pwani. Uliza kipi kitaharibika kwanza na kama unaweza kukichomoa ukaweka kingine. Madj wanaoipenda Sennheiser HD 25 wanaipenda kwa hilo pia, kila kipande chake kinauzwa peke yake, na imekuwepo tangu miaka ya 1980.

Bei ya mpya yenye sifa hizo ilikuwa juu ya bajeti. Nikamwambia basi tutafute mtumba uliokufa mahali sahihi.

Kununua

Tulipata hedseti ya gemu iliyotumika, upinde wa juu ya kichwa wa aluminiamu, spongi za kuchomoa, waya wa kuchomoa, maiki ya kuchomoa. Muuzaji aliuza shilingi 85,000 kwa sababu spongi zilikuwa zimebanduka zote na waya ulikuwa unakata upande mmoja. Yani kila alichoona yeye ni uchakavu kilikuwa ndo vile vitu tulivyopanga kubadilisha.

Kabla ya kutoa hela nilifanya haya. Nilipima ukinzani kwa mita ya umeme kila upande kutokea kwenye tundu lake la waya, kulia na kushoto zikasoma karibu sawa, ohm 60 na kitu. Zikipishana sana achana nayo, kuna upande umechoka. Nikaweka waya wangu, nikacheza mlio mzito wa besi kwa sauti ya wastani nikisikiliza mkwaruzo. Nikaigeuza hedseti kichwani, kulia iwe kushoto, kuhakikisha tofauti ndogo niliyoisikia inatoka kwenye sikio langu, sio kwenye spika. Nikaushika upinde nikautanua polepole huku nikitazama bawaba kama kuna mstari wa ufa. Maiki nikarekodi nayo nikahesabu moja mpaka kumi, nikasikiliza. Dakika chache tu hizo, na muuzaji mwenye kitu kizima huwa hakasiriki ukipima.

Spongi za kitambaa cha manyoya mafupi, tundu refu la yai, shilingi 22,000. Iafoni shilingi 25,000, za waya unaoweza kupitishwa juu ya sikio. Waya wa hedseti aliniambia atanunua mwenyewe kwa mtu anayemfahamu, nikamwambia sawa.

Ilikuwa inabana kidogo, kwa hiyo nikaipanua usiku mzima juu ya rundo la vitabu lenye upana uliozidi kichwa chake kidogo. Hii fanya kwa upinde wa chuma au aluminiamu peke yake. Wa plastiki utaamka umekuta vipande viwili.

Matokeo

Siku mbili baadaye alipiga simu, "Kaka, gemu nasikia vizuri tu lakini mahojiano yamenyamaza, watu wanaongea kwa mbali kabisa kama hawapo." Nikamwambia bonyeza kitufe cha maiki kwenye waya, usiachie, cheza rekodi. Sauti ikarudi.

Hapo ugonjwa ulishajulikana. Pini yenye sehemu nne ina mpangilio wa aina mbili, tofauti yake ni ipi kati ya mbili za mwisho ni ardhi (njia ya kurudishia umeme) na ipi ni maiki. Simu nyingi za sasa zinatumia mpangilio mmoja, waya aliouziwa ulikuwa wa ule mwingine wa zamani. Ardhi ikikosekana, unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia tu. Milio ya gemu imetawanyika kushoto na kulia ndo maana ilisikika, lakini rekodi ya mahojiano ni sauti ile ile pande zote mbili, tofauti yake ni sifuri, na kitufe cha maiki kinaunganisha hizo sehemu mbili ndo sababu ukikibonyeza sauti inarudi. Nilikata pini nikachomelea mpya kwa mpangilio sahihi, shilingi 5,000, kazi ikaisha.

Baada ya hapo imekwenda karibu mwaka. Maumivu juu ya sikio yaliisha, utosini yamebaki kidogo siku zile misuko ikiwa mipya na imekazwa, na hilo hakuna hedseti itakayoliondoa. Spongi anazivua anafua kwa mkono na sabuni kidogo, anaanika kivulini, jozi ni ile ile ya mwanzo. Volyumu ya kazi, kwa maelezo yake, imeshuka kutoka karibu mwisho mpaka katikati.

Kwa hela, zilitoka 85,000 na 22,000 na 25,000 na waya wake wa 12,000 na ile 5,000 ya pini, jumla 149,000.

Kilichofanya kazi na kilichogoma

Kugawa vifaa viwili ndo kulifanya kazi kuliko yote, na ndo uamuzi alioukataa mwanzoni. Nadhani sababu watu wanaukataa ni kwamba kwenye boksi kila kitu kinajiita cha kila kitu, gemu muziki simu mazoezi, na mtu anaona akinunua viwili amepigwa.

Spongi za kitambaa zilimaliza jasho na magamba lakini zina gharama yake. Zinapunguza besi na zinavujisha sauti zaidi ya ngozi, na mwenzake alilalamika wiki ya kwanza. Tulijua litatokea. Suluhisho halikuwa la kifundi, ni kwamba mwenzake alichosikia zaidi ni yule dada kuwapigia kelele wenzake wa skwodi, sio hedseti, wakakubaliana muda. Kama mwenzake angegoma kabisa ningerudisha ngozi na kumwambia ahesabu shilingi elfu ishirini na kitu kila baada ya miezi minane au mwaka, kama mtu anavyohesabu soli za viatu.

Iafoni chini ya hijabu zilifeli kwenye maongezi. Maiki ya kwenye waya inakaa chini ya kitambaa, kila akigeuza shingo anayeongea naye anasikia mkwaruzo. Hata waya wenyewe ukisugua kitambaa unapeleka ngurumo sikioni. Hilo la pili lilipungua alipoupitisha waya juu ya sikio na kuubana kwa klipu kwenye kola, lile la kwanza halikuisha. Simu za nje saivi anatoa iafoni moja anaweka simu sikioni kama kawaida.

Swali ambalo naulizwa sana nikisimulia kisa hiki ni kwa nini tusingechukua mpya ya bei ya chini tukabadilisha spongi zake. Jibu ni upinde na waya. Za bei ya chini nyingi waya umeingia ndani moja kwa moja na kufungwa kwa gundi, ukikatika ndani ya kikombe cha sikio fundi anafungua kwa kuvunja, na bawaba zake ni plastiki nyembamba ambayo hata gundi ya kisasa haiishikilii. Spongi za 22,000 juu ya kitu cha 35,000 kitakachokatika bawaba mwezi ujao ni hasara. Ila ukikuta ya bei ya chini ambayo waya unachomoka na upinde ni chuma, chukua, hata kama haina jina.

Mara ya mwisho nimemwona, ngozi ya upinde wa kichwani ndo imeanza kubanduka sasa, ile sehemu pekee ambayo hatukuibadilisha. Mfuko wa kitambaa wenye zipu wa kuvalisha pale juu unapatikana, lakini yeye ameenda kwa mshona nguo wa hosteli, kamshonea wa khanga kwa shilingi 3,000, umekaa vizuri kuliko wa dukani.